Walimu tumefundishwa kufundisha watoto. Kuzungumza na mzazi tulifundishwa wapi?

#1 Mkufunzi wa Kusini

Wakuu, salaam.

Uzi huu utakuwa mrefu, na nitauandika kwa vipande kwa sababu nafasi naipata jioni tu. Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja katika wilaya moja ya mkoa wa Lindi, na sasa ni mkufunzi wa chuo cha ualimu. Kilichonifanya nifungue uzi ni jambo nililoliona wiki iliyopita, nilipokwenda kuwatembelea wanachuo wangu walio kwenye mazoezi ya kufundisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye ofisi ya walimu nakagua maandalio ya masomo. Akaja mama mmoja, akavua kandambili zake mlangoni, akasimama palepale kizingitini, mikono ameifumbata kifuani. Mwanachuo wangu aliyekuwa zamu siku hiyo ni kijana mzuri sana, mchapakazi, zana zake za kufundishia anazitengeneza kwa mkono wake. Akainua kichwa, na neno la kwanza lililomtoka likawa hili: "Wewe ndiye mama wa yule asiyemaliza kuandika?"

Mama akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akaambiwa mtoto ni mvivu. "Ndiyo, mwalimu." Akaambiwa amsimamie nyumbani. "Ndiyo, mwalimu." Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Dakika tatu hazikuisha, akavaa kandambili zake akaondoka. Kijana akanigeukia akasema, "Umeona, mkufunzi? Wazazi wa huku hawana mwamko."

Sikuwa na haki ya kumkasirikia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Chuoni kwetu amesoma saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, upimaji, falsafa ya elimu. Mzazi tunampitia kama mada ndogo tu ya uhusiano wa shule na jamii: mwanachuo anakariri faida tano, anaziandika kwenye mtihani, anapata alama zake. Hajawahi hata siku moja kuketi mbele ya mtu mzima na kumweleza habari za mtoto wake huku mwenzake akimtazama na kumsahihisha. Kushika chaki tunamfanyisha mazoezi wiki kwa wiki. Kushika mazungumzo na mzazi tunadhani atazaliwa nako.

Hoja yangu ni hiyo moja. Kuzungumza na mzazi ni ufundi kama kufundisha kusoma, una hatua zake, unafundishika, na hatuufundishi. Halafu tunakaa kwenye vikao tukiwalaumu wazazi kwamba hawaji.

Nitaendelea.

#2 Mkufunzi wa Kusini

Niwape kisa changu mwenyewe ili msidhani nawasema wengine.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, watoto 87. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekaa nyuma kabisa, hanyanyui mkono, akiitwa kusoma anainamisha kichwa mpaka nikate tamaa niite mwingine. Nilimwandikia mlezi wake barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikaandika kwenye kumbukumbu zangu: "Mlezi hana ushirikiano."

Ulikuwa msimu wa korosho. Jumamosi moja nilikuwa napita kitongoji chao kwa shughuli zangu nyingine kabisa, nikaonyeshwa nyumba. Nikamkuta bibi anageuza korosho juani kwenye turubai. Nikamwamkia, akanitolea kigoda. Nilipojitambulisha kuwa ni mwalimu wa mjukuu wake, alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga.

Ndani ya kopo zilikuwamo risiti za chama cha msingi cha ushirika, zile za kupimia korosho ghalani, zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine. Na chini yake barua zangu tatu, hazijafunguliwa. Akaniambia, "Karatasi zako nimezitunza, mwalimu. Nilikuwa nasubiri malipo ya pili yatoke, nije na pesa mkononi. Sikutaka kuja mikono mitupu."

Wakuu, mnajua korosho siku zile zililipwa kwa mafungu: malipo ya kwanza, ya pili, halafu majaliwa. Bibi huyu hajui kusoma. Maishani mwake hakuwahi kuona karatasi ya shule isiyodai mchango. Basi akapiga hesabu ya mtu mwenye heshima zake: akaweka deni lake kwenye kopo moja na mali yake, akangoja. Mimi nikamwandika hana ushirikiano.

Nikamwuliza, "Bibi, hizi risiti nani anakusomea?" Akamwita mvulana. Yule mtoto ambaye darasani hafungui mdomo akachukua risiti ya juu, akasoma tarehe, akasoma kilo, akasoma daraja la kwanza, akamtajia bibi yake makato. Aliposhindwa neno alilirudia taratibu mpaka likamtoka. Bibi akasema, "Huyu ndiye macho yangu."

Sijawahi kuona haya kazini kama siku ile.

Tulichokubaliana na bibi kilikuwa kitu kimoja tu. Kila jioni wakati wa kuota moto, mtoto asome ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kisha amweleze bibi kwa Kimwera umesema nini, na bibi amwulize, "Halafu?" Basi. Bibi asiyejua herufi alikuwa ndiye mwalimu wa ufahamu, kwa sababu ukiulizwa "halafu?" huwezi kudanganya kwamba umeelewa. Na mimi nikaanza kuzileta darasani risiti, vibandiko vya mbolea, karatasi za kliniki, tukizisoma. Yule mtoto akawa ananyanyua mkono. Hakuwa wa kwanza darasani mwaka ule, wala uliofuata. Alikuwa anasoma.

Nilikuja kujifunza baadaye kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Tucson, Arizona, Luis Moll na wenzake waliwafundisha walimu kuingia kwenye nyumba za wafanyakazi wenye asili ya Meksiko kwa nia ya kujifunza: familia inajua nini kuhusu kilimo, ujenzi, dawa, biashara. Walimu wakarudi na vitu vya kufundishia. Jambo la kushika hapo ni kwamba walifundishwa kwanza. Walifundishwa namna ya kuuliza, kutazama na kuandika walichokiona. Mimi nilipata bahati ya kupita njia ile Jumamosi. Watoto hawawezi kutegemea bahati ya mwalimu kupita njia.

#3 Chaki Nyeupe

Mkufunzi, nimesoma yote na kisa cha bibi kimenigusa. Lakini nikuulize kwa heshima: wewe ulikuwa na 87. Mimi niko pembezoni mwa Dar, darasa la kwanza nina watoto 146, nafundisha asubuhi na mchana. Madaftari peke yake yananikesha. Nikitoka hapo nipande daladala mbili kufika nyumbani. Unataka niende nyumba 146?

Na hili la pesa usilipite hivi hivi. Tangu Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wapo wazazi walioelewa kwamba mtoto sasa ni wa serikali. Ukimwambia anunue kalamu anakuuliza kama hujamsikia Rais. Lawama zisiwe za mwalimu peke yake.

#4 Mkufunzi wa Kusini

Chaki Nyeupe, swali lako ni la haki na nimelisubiri.

Nyumba 146 haiwezekani, na mtu yeyote atakayekuja na semina akakwambia uzitembelee zote, mwambie akuonyeshe ratiba. Wanachuo wachache wanaokaa nami nje ya vipindi kwa zoezi la kuzungumza na mzazi (kijana yule hakuwamo) nawafundisha hivi. Wiki mbili za kwanza za muhula chora ramani ya watoto wako kwa mitaa au vitongoji, nani anakaa karibu na nani. Utaona wanaangukia mafungu. Chagua wale watatu au wanne ambao huna hata sentensi moja ya kusema juu yao. Wale ndio wa kuanza nao, maana mtundu na hodari unawajua tayari. Ukienda mtaa mmoja alasiri moja, unawaona watatu kwa mara moja. Wazazi wengine wa mtaa huo watakuona umepita, na kupita kwenyewe kunasema kitu.

Na usiende peke yako. Hili nalisisitiza hasa kwa walimu wa kike na wale wa ajira mpya: nendeni wawili, mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa nyumba kumi ajue, mzazi ajue siku moja kabla. Kumvamia mtu nyumbani wakati hajajiandaa ni kumdhalilisha. Tena chagua siku. Kwetu Lindi ukiita wazazi wakati wa kuokota korosho umejiitia madawati matupu. Pwani kote ukipanga Ijumaa adhuhuri ujue hukuwafikiria.

La pili, kuna watu wa kukusaidia kubeba. Mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania ulipoingia mikoani, Lindi ikiwamo, ulileta ushirikiano wa wazazi na walimu, na mpango wa Shule Bora ukaendeleza kitu hicho kwa jina la UWAWA. Wazo ni kwamba kila darasa liwe na wazazi wake wawakilishi, mwanamke na mwanamume, washirikiane na mwalimu wa darasa hilo. Ukiwa na wawili hao, wakiwa wamechaguliwa na wenzao na hawakuteuliwa ofisini, wao watakwambia mtoto fulani mama yake amelazwa, fulani wamehamia kwa shangazi. Nimeona shule ambako wazazi hawa walikuwa majina tu kwenye daftari. Nimeona nyingine ambako ndio waliomaliza utoro. Tofauti niliyoiona ilikuwa mwalimu wa darasa: pale alipojua kuwatumia, walifanya kazi.

Kuhusu elimu bila malipo nakubaliana nawe kabisa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na Waraka Namba 3 wa 2016 ukaeleza majukumu ya kila mmoja, mzazi akiwamo: sare, madaftari, kalamu, afya ya mtoto. Ujumbe wa kwanza ulifika kila kijiwe. Wa pili ulibaki kwenye mafaili ya shule. Sasa nani angeufikisha kwa mzazi kwa lugha asiyoichukulia kama kudaiwa? Ni mwalimu yuleyule ambaye hakufundishwa kuzungumza naye.

#5 Mama Wawili

Mimi ni mzazi, si mwalimu. Naomba niseme la upande wetu wa mjini, maana mnaongelea vijijini kama vile mjini mambo ni shwari.

Wanangu wako shule ya binafsi, sitaitaja. Tuna grupu la WhatsApp la darasa. Saa tatu usiku inaingia picha ya kazi ya nyumbani, inatakiwa asubuhi. Mtoto kalala. Siku nyingine mwalimu akaweka orodha ya alama za watoto wote kwa majina, mkiani mwanangu. Wazazi wenzangu wakaweka makofi kwa waliofaulu. Nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi, nikashuka kituo ambacho si changu kwa sababu sikutaka watu wanione nalia.

Sijamwandikia mwalimu neno mpaka leo. Nilitamani tu aniambie peke yangu, "Mama, hapa pana shida, tufanye nini?" Mimi ningekuja siku hiyohiyo, hata kwa kuomba ruhusa kazini.

#6 Mkufunzi wa Kusini

Mama Wawili, pole sana. Na ahsante kwa kulisema, maana mwalimu yule pengine anaamini kabisa kwamba anawashirikisha wazazi. Ametuma ujumbe, wazazi wamesoma, kazi imekwisha. Amechukulia kwamba kupasha habari ndiko kushirikisha.

Nawaelekeza wanachuo kwamba grupu ni la matangazo ya wote: shule itafungwa lini, sare ya michezo siku gani. Habari za mtoto mmoja ni za wazazi wake, kwa simu au ana kwa ana, na alama za mtoto hazibandikwi mbele ya watu kama matokeo ya mpira. Na ujumbe wa kwanza wa muhula kwa kila mzazi uwe wa heri. Sentensi moja tu: "Mwanao leo alimsaidia mwenzake aliyeanguka." Mzazi aliyepokea simu ya heri mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ukimpigia kwa jambo gumu atapokea. Asiyewahi kupokea heri, akiona namba ya mwalimu anaiacha iite.

Sasa niwape zoezi lenyewe, maana wengine mmenitumia ujumbe wa faragha mkiuliza tunalifanyaje.

Wanakaa watatu watatu. Mmoja mwalimu, mmoja mzazi, mmoja mtazamaji. Mzazi anapewa kikaratasi ambacho mwalimu hakioni. Kwa mfano: "Umeamka saa tisa usiku kwenda kuchukua samaki ferini. Hujui kusoma. Mwanao wa kwanza aliacha shule baada ya kuchapwa, na hukuwahi kumwambia mtu." Mwalimu naye anapewa chake: "Mtoto hajafanya kazi ya nyumbani wiki mbili." Dakika tano. Mtazamaji hatoi maoni, anahesabu. Mwalimu ameongea dakika ngapi, mzazi ngapi. Maswali mangapi yameulizwa ambayo mwalimu hakuwa na jibu lake tayari. Jina la mtoto limetajwa sentensi ya ngapi, au ameitwa "mwanao" na "huyu" mpaka mwisho.

Mara ya kwanza karibu wote wanaongea wao dakika nne kati ya tano, na kikaratasi cha mzazi kinabaki na siri yake. Wanapobadilishana nafasi ndipo wanaanza kunyamaza. Mwaka jana binti mmoja aliyeigiza mzazi alishindwa kuendelea, akatoka nje. Aliporudi akatuambia kwamba kikaratasi kile kilikuwa mama yake.

Tunafanya mara sita kwa muhula. Baada ya hapo ndipo naongelea mpangilio: anza na kitu ulichokiona kwa macho yako juu ya mtoto, kwa mfano halisi, uliza nyumbani yukoje, anapenda nini, nani anakaa naye jioni, kisha taja ugumu kwa maneno ya kawaida, bila "uelewa mdogo" wala "mzito", kisha mkubaliane jambo moja, moja tu, linalowezekana kwa mtu anayerudi nyumbani usiku, kisha mtaonana lini. Na meza. Nawaambia watoke nyuma ya meza. Mzazi akikaa kwenye benchi na mwalimu nyuma ya meza yenye fimbo juu yake, hayo si mazungumzo, ni kesi.

#7 Niliwahi Kujitolea

Wakuu, naomba niongeze la Uwezo, ile tathmini ya kupima watoto kama wanajua kusoma na kuhesabu. Wakati ule tathmini zile zikifanyika nilikuwa mmoja wa waliojitolea kupita nyumba kwa nyumba. Tulibeba majaribio ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili, tukiwapima watoto wa miaka 7 hadi 16 palepale uani, wazazi wakiangalia. Na matokeo tulimwambia mzazi hapohapo.

Sitamsahau baba mmoja. Kijana wake darasa la sita alishindwa hadithi fupi ya darasa la pili. Yule baba aliitazama karatasi ile muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa nifanyeje?" Nilikuwa na kipeperushi mkononi. Nikampa kipeperushi, nikaenda nyumba ya pili.

Miaka yote hii swali lile ninalo.

#8 Mkufunzi wa Kusini

Umeweka kidole kwenye jeraha. Kuna watafiti waliofuatilia jambo hilohilo vijijini Kenya na kuchapisha mwaka 2014: wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao pamoja na maelezo ya nini wafanye walilinganishwa na wasiopewa, na watafiti hawakuona tofauti ya maana katika wanayoyafanya wazazi. Wengine walilichukua kama ushahidi kwamba wazazi hawajali. Mimi nalisoma kwa swali la yule baba. Aliuliza afanyeje, na mtu pekee ambaye angeweza kumjibu kwa kumjua kijana wake ni mwalimu, na mwalimu hakuwapo uani.

Ndiyo maana nasema mafunzo haya yasiishie vyuoni. Tuna MEWAKA sasa, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule. Walimu wanakaa pamoja kujadili namna ya kufundisha mada ngumu. Kikao kimoja kati ya vinne kiwe cha mada hii: nani tunamwita shuleni, tunamwita vipi, na alipokuja tulimwambia nini. Hakihitaji mwezeshaji kutoka mkoani wala posho. Kinahitaji mwalimu mkuu akubali kuanza na la kwake.

#9 Pwani Kenya

Hamjambo ndugu zangu wa Bara na Visiwani. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu, Kilifi.

Kwetu mwongozo wa mtaala wa umilisi wa mwaka 2017 ulitaja wazi kabisa kuwawezesha na kuwahusisha wazazi, kama moja ya kanuni zake. Neno zuri. Lakini semina niliyohudhuria ilikuwa ya maandalizi ya somo na namna ya kupima, habari ya mzazi ikapewa nusu saa kabla ya chai. Tukarudi darasani, tukaihusisha familia kwa namna tuliyoijua: leteni hiki, chapisheni kile, tengenezeni sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Kazi ya ziada ikawa ya mama. Mtoto analala, mama anagundisha karatasi saa nne usiku. Wazazi wakatuchukia, na walikuwa na haki.

Siku hizi kabla ya kutoa kazi ya ziada najiuliza: je, mtoto ataifanya mwenyewe, na mzazi atakuwa amefanya nini? Wiki jana niliwapa hii: muulize mtu mzima nyumbani mvua ya vuli aliijuaje utotoni mwake, alitazama nini. Mtoto mmoja alinijia na nyota za babake anayevua, na namna anavyosoma upepo wa kaskazi na kusi. Sikuwa nayajua hayo. Nilimwomba babake aje. Alikuja na kanzu yake ya Idi.

#10 Mtu wa Unguja

Huku skuli ndogo za chekechea zilizotokana na mradi wa madrasa zilianza na wazee, yaani wazazi, kabla ya kuanza na watoto. Mradi ulizaliwa Mombasa miaka ya 1980, ukaja Unguja 1990. Waalimu walikuwa kina mama wa kijiji kilekile, wakifunzwa kufundisha kwa vifuu, kokoto, makuti na kombe, na wakati huohuo kijiji kikiwa na kamati yake yenye ahadi zake. Mamangu mdogo alikuwa mmoja wao. Elimu yake haikuwa kubwa, lakini hakuna mzee aliyemwogopa, kwa kuwa wote walimjua kisimani. Mwalimu anayetoka mkoa mwengine anahitaji kufunzwa kile ambacho yeye alikuwa nacho kwa kuzaliwa pale.

#11 Mkufunzi wa Kusini

Mtu wa Unguja, sentensi yako ya mwisho nitaiandika ubaoni Jumatatu.

Na wazee wetu wa ualimu watakumbuka Kwamsisi, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule na kijiji vilipojaribiwa kuwa kitu kimoja, chuo cha ualimu cha Korogwe kikiwa mlezi. Ilikuwa baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Kwa hiyo wazo si geni kwetu. Miaka ikapita, madarasa yakafurika, mitihani ikatawala, na mazoea ya mwalimu kukaa na wanakijiji yakapotea taratibu bila mtu kuamua yapotee.

#12 Ajira Mpya

Shikamoo mkufunzi. Nimesoma uzi huu tangu ulipoanza, sikuwa nimechangia. Nina miezi mitano kazini, Rukwa.

Jana nilikwenda, na mwalimu mwenzangu, kwa baba wa binti mmoja wa darasa la nne. Ni fundi baiskeli, anafanyia kazi chini ya mwembe nyumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kama ulivyoeleza. Nikataja jina la binti sentensi ya kwanza. Nikamwambia amechora ramani ya kijiji chote mpaka mtoni, na daraja bovu ameliweka mahali pake.

Akaweka spana chini. Akanitazama, akangoja. Akasema, "Haya, na jambo lenyewe?"

Nikamwambia jambo lenyewe ndilo hilo.

#13 Mkufunzi wa Kusini

Marahaba mwanangu. Akasemaje?

#14 Ajira Mpya

Alinyamaza. Kisha akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akaingia ndani, akatoka na daftari la mwaka jana la hisabati, limefunikwa kwa gazeti. Akafungua ukurasa wenye mviringo mwekundu kuzunguka jibu, hakuna kosa wala pata, mviringo tu. Akaniuliza, "Mwalimu, hii maana yake nini? Nimeitazama tangu mwaka jana. Sikujua ni nzuri au mbaya, nikaona aibu kuja kuuliza."

Si mimi niliyeuweka, ni mwalimu aliyehama. Lakini nauelewa, na mimi huwa naweka hivyohivyo: njia ni sahihi, jibu limepotea mwishoni. Nikamweleza. Akamwita binti, akamwambia alete kalamu.

Tulikaa chini ya mwembe tukapitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka hatukuweza tena kuona namba.